Magofu ya Paharpur: tuandike pia habari za maji na chumvi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe hoja kuhusu namna magazeti ya Kiswahili yanavyoandika habari za magofu ya kale, hasa magofu ya monasteri za Kibuddha zilizofukuliwa mashariki mwa India na nchini Bangladesh. Makala hizo, ambazo huzisoma kwa hamu kwa sababu nimefundisha historia kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, hufuata njia moja: anatajwa mfalme aliyejenga, wanatajwa watawa waliokuja kusoma kutoka nchi za mbali, anatajwa adui aliyechoma moto, kisha anatokea mtaalamu na sururu yake, na jengo lililosahaulika linaonekana tena. Hapo makala inakoma. Naona kwamba inakoma mapema mno, kwa kuwa jengo la matofali lililolala chini ya udongo kwa karne nyingi huanza kuharibika upya tangu siku linapofunuliwa, na kinachoamua kama vizazi vijavyo vitaliona ni kazi ya kuondoa maji, kuzuia chumvi na kuziba nyufa, msimu baada ya msimu, kazi ambayo haiandikwi na mtu.

Nitatumia mfano wa monasteri moja ili hoja isitawanyike. Somapura Mahavihara iko Paharpur, wilaya ya Naogaon, kaskazini-magharibi mwa Bangladesh. Ilijengwa na Dharmapala, mfalme wa pili wa ukoo wa Pala, aliyetawala Bengal, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya Bangladesh na India, pamoja na Bihar iliyo jirani, kuanzia miaka ya mwisho ya karne ya 8 hadi mwanzoni mwa karne ya 9. Maandishi ya Kitibeti yaliyoandikwa baadaye sana yanampa sifa hiyo mwanawe, Devapala, lakini mihuri ya udongo iliyookotwa katika magofu yenyewe inataja jumuiya ya watawa wa monasteri kuu ya Dharmapala iliyoko Somapura, na kati ya mashahidi hao wawili mimi nasimama na muhuri. Ni jengo la mraba ambalo kila upande wake una urefu wa takribani mita 280. Kuzunguka pande zote nne kuna vyumba 177 vya watawa: 45 upande wa kaskazini, uliko mlango mkuu, na 44 katika kila mmoja wa pande tatu zilizobaki. Mbele ya vyumba lilipita baraza refu lililotazama uwanja wa ndani, na katikati ya uwanja huo liliinuka hekalu lenye umbo la msalaba, likipanda tuta juu ya tuta, ambalo kilele chake kimepotea lakini ambalo hata katika hali yake ya sasa lina kimo cha takribani mita 20. Wataalamu wa majengo wanaona undugu kati ya umbo hilo na mahekalu ya Myanmar, Java na Kambodia. Kazi yote hiyo ni ya matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, na naomba msomaji aikumbuke habari hiyo ya udongo maana nitairudia.

Kinachonivutia zaidi Paharpur ni vigae. Kuta za nje za hekalu la katikati zilizungushiwa safu za vigae vya udongo wa kuchoma vilivyofinyangwa picha, na wachimbaji waliorodhesha takribani 2,000 vikiwa bado vimeshikamana na ukuta, mbali na mamia mengine yaliyookotwa yakiwa yameanguka. Mtu angetarajia kwamba monasteri iliyojengwa na mfalme ingezijaza kuta zake picha za Buddha na watakatifu wake. Wamo, lakini ni wachache. Walio wengi ni watu wa kawaida wa Bengal ya wakati ule pamoja na wanyama wao: mwanamke aliyempakata mtoto, mpiga ngoma, mwindaji mwenye upinde, askari na ngao yake, mtawa wa msituni aliyekonda mbavu nje, tembo, nyati, nguruwe mwitu, kobe, samaki, nguchiro anayepigana na nyoka. Baadhi zinatambulika kuwa ni hadithi za wanyama za Panchatantra, zile ambazo Waarabu walizipokea na kuzisambaza kwa jina la Kalila na Dimna. Hazikupangwa kwa mfululizo unaosimulia jambo moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila kigae kinasimama peke yake, na inaelekea wafinyanzi walipewa uhuru mkubwa wa kufinyanga yale waliyoyajua. Hati za shaba za wafalme wa Pala, yaani maandishi ya kifalme yaliyochongwa kwenye mabamba ya shaba, ni nyingi, zimejaa sifa za ushindi na ukarimu wa watawala, lakini wakulima na wafinyanzi wa zama zile hawakuacha maandishi, wala majina yao hayakuandikwa na wengine. Vigae ndiyo kauli yao. Kwa hiyo uso wa kigae kimoja unapovimba na kumomonyoka, kinachopotea ni ushahidi usio na nakala mahali pengine popote.

Udongo wa Paharpur ulitoa mambo mengine ambayo hakuna aliyeyatarajia. Ilipatikana hati ya shaba ya mwaka 159 wa kalenda ya Gupta, yaani mwaka 479, inayoeleza jinsi Mbrahmini mmoja, mtu wa tabaka la makuhani wa Kihindu, na mkewe walivyonunua ardhi na kuitoa wakfu kwa nyumba ya watawa wa Kijaini, dini nyingine ya kale ya India. Kwa hiyo miaka 300 kabla ya Dharmapala, eneo hilo tayari lilikuwa na watawa, na hawakuwa Wabuddha. Katika msingi wa hekalu zilikutwa sanamu 63 za mawe, ambazo karibu zote ni za miungu ya Kihindu na visa vya Krishna, na wataalamu wanaendelea kubishana kama zilitolewa katika mahekalu ya zamani zaidi au zilichongwa kwa ajili ya hapo. Ilipatikana pia sarafu ya fedha ya khalifa Harun al-Rashid, ya mwaka 172 Hijria, sawa na mwaka 788. Haijulikani ilipita mikono ya nani kutoka nchi za ukhalifa hadi katika nyumba ya watawa wa Bengal, lakini ilifika, na mwanafunzi yeyote wa historia ya biashara ya Bahari ya Hindi atafurahi kusikia habari hiyo. Nimezitaja hazina hizi tatu kwa sababu thamani yake yote imo katika kujua zilikutwa wapi hasa, katika tabaka lipi la udongo na karibu na nini. Sarafu hiyo hiyo ikiwa kwenye sanduku la mfanyabiashara wa vitu vya kale ni kipande cha fedha tu.

Sasa nije kwenye moto, maana ndio unaopendwa na waandishi. Ni kweli kwamba Somapura iliungua. Habari hiyo tunaipata katika maandishi ya jiwe yaliyopatikana Nalanda, monasteri nyingine kubwa nchini India, yaliyoandikwa katika karne ya 12 kumsifu mtawa aliyeitwa Vipulashrimitra. Yanasema kwamba mtangulizi wake katika mlolongo wa walimu, Karunashrimitra, alifia Somapura jeshi la Vangala lilipoichoma moto nyumba yake, akiwa ameishikilia miguu ya Buddha bila kukubali kuiachia. Vangala ni upande wa kusini-mashariki wa Bengal hiyo hiyo, na wanahistoria wanaliweka tukio hilo katika karne ya 11, kabla ya majeshi ya Waturuki kufika huko. Wale wanaopenda kuzieleza monasteri zote za eneo hilo kuwa ziliteketezwa na mgeni mmoja kwa siku moja wangefanya vizuri kuyasoma maandishi hayo, kwa sababu hapa waliochoma walikuwa majirani. Lakini sababu iliyofanya jiwe lenyewe lichongwe haikuwa kuombolezea moto. Lilichongwa kueleza matengenezo: kwamba Vipulashrimitra aliikarabati monasteri, akajenga hekalu la Tara, mungu wa kike wa Kibuddha, na kuchimba bwawa. Yapata mita 360 mashariki mwa monasteri kuna kilima kinachoitwa Satyapir Bhita, kwa jina la walii anayeheshimiwa na Waislamu na Wahindu wa Bengal, na ndani yake yamefukuliwa magofu ya hekalu pamoja na vibao vidogo vya udongo vyenye sura ya Tara. Wataalamu wengi wanalihesabu kuwa ndilo hekalu alilolijenga.

Monasteri hizi zilidumu kwa matengenezo, na waliozifadhili walilijua hilo. Hati ya shaba ya Devapala iliyopatikana Nalanda mwaka 1921 inaeleza jinsi Balaputradeva, mfalme wa Suvarnadvipa, ambayo ni Sumatra, alivyojenga nyumba ya watawa Nalanda na kumwomba Devapala atoe mapato ya vijiji vitano kwa ajili yake. Matumizi ya mapato hayo yameandikwa: chakula cha watawa, mavazi, dawa, unakili wa vitabu vya dini, na ukarabati wa jengo likichakaa. Mfalme wa ng'ambo ya bahari alifikiria nyufa za ukuta ambao pengine asingeuona kamwe, akazitengea fedha kabla hazijatokea. Nilipokuwa nikifundisha somo hili, sehemu hiyo ndiyo niliyowataka wanafunzi waitafakari kuliko majina ya wafalme.

Mapato hayo yalipokauka, ndipo mwisho ulipokuja. Ukoo wa Pala ulidhoofika katika karne ya 12, ukachukuliwa nafasi na wafalme wa Sena ambao ukarimu wao ulielekea kwa Mabrahmini, na mwanzoni mwa karne ya 13 utawala wa Sena nao ukavunjwa na Bakhtiyar Khalji, jemadari wa majeshi hayo ya Waturuki. Hata hivyo wachimbaji wa Paharpur hawakuona dalili za wazi za uharibifu mkubwa wa vita katika tabaka za mwisho. Walichokiona kinafanana zaidi na nyumba iliyohamwa. Paa likaanguka, mvua ikayayeyusha yale maungio ya udongo, miti ikaota juu ya kuta, vumbi na majani vikajaa vyumbani, na baada ya karne kadhaa wenyeji waliona kilima katikati ya nchi tambarare, kikakipa kijiji chao jina, kwani kwa Kibengali kilima huitwa pahar.

Historia ya ufukuaji ni ndefu, nami nitaipita haraka. Francis Buchanan-Hamilton alikiona kilima hicho mwanzoni mwa karne ya 19. Alexander Cunningham alifika mwaka 1879 akitaka kuchimba kwa upana, lakini mwenye ardhi, mtawala wa Balihar, akamzuia, naye akaishia kupekua sehemu ndogo tu ya juu. Kwa mtazamo wangu mwenye ardhi huyo aliitendea monasteri wema mkubwa, hata kama hakuwa na nia hiyo, kwa sababu uchimbaji wa miaka ile ulikuwa wa kutafuta sanamu na haukujali tabaka. Eneo likawekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1919, na kazi yenye utaratibu ikaanza mwaka 1923 kwa ushirikiano wa Idara ya Akiolojia ya India, Chuo Kikuu cha Calcutta na Jumuiya ya Utafiti ya Varendra. K. N. Dikshit, aliyeongoza sehemu kubwa ya kazi hiyo, alitoa ripoti yake mwaka 1938. Baada ya mwaka 1947 eneo likawa chini ya Pakistan, na tangu mwaka 1971 liko chini ya Bangladesh, ambayo wataalamu wake wameendelea kuchimba kwa vipindi.

Kile ambacho ufukuaji ulikifungulia mlango kinaeleweka na fundi yeyote wa nyumba aliyewahi kuona rangi ikibanduka chini ya ukuta wenye unyevu. Tofali la kuchoma lina vitundu vidogo visivyohesabika, na maji ya ardhini hupanda ndani yake kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa. Maji hayo hubeba chumvi zilizoyeyuka kutoka katika udongo. Jengo likiwa limefukiwa, unyevu wake haubadiliki sana, jua halilifikii, na maji hayana pa kutokea, kwa hiyo chumvi hubaki imeyeyuka bila kumdhuru mtu. Ukuta ukiisha kufunuliwa, jua na upepo hukausha uso wake, maji huondoka kama mvuke, na chumvi hubaki nyuma ikiganda kuwa chembe ngumu ndani ya vitundu, chini kidogo ya uso wa tofali. Chembe zikikua husukuma, na uso hutoka kama magamba na unga. Mvua inayofuata huiyeyusha chumvi, jua linalofuata huigandisha tena. Katika nchi ambayo mvua za masika ya pepo za kusini hunyesha kwa nguvu kuanzia Juni hadi kuelekea Oktoba, kisha miezi ya baridi huwa mikavu, mzunguko huo hauna pumziko. Kigae chenye picha huumia kuliko tofali la kawaida, kwa kuwa sehemu yake yote yenye thamani ni ile ngozi ya juu, na ngozi hiyo ndiyo chumvi inayoianza.

Hapa ndipo habari ya udongo inapohusika. Waliojenga Paharpur walitumia maungio laini, ambayo huruhusu unyevu kupita na kutoka. Katika magofu mengi duniani, mafundi wa karne ya 20 walizibia nyufa kwa saruji wakiamini wanaimarisha. Saruji ni ngumu kuliko tofali la kale, haipitishi unyevu kwa urahisi, na ina chumvi zake yenyewe, hivyo maji yaliyokuwa yakitokea kwenye maungio hulazimika kutokea kwenye tofali. Mtu anaweza kuona ukuta ambao mistari ya saruji imebaki imesimama mizima huku matofali kati yake yameliwa na kuacha mashimo. Chokaa ingefaa zaidi, na maarifa ya chokaa hayajapotea. Kinachokosekana mara nyingi ni subira, kwa sababu chokaa hukauka polepole na hutaka fundi arudi.

Wajenzi wa kale walimjua adui wao. Katika pembe ya kusini-mashariki ya uwanja wa Paharpur yalifukuliwa majengo yanayodhaniwa kuwa jiko na ukumbi wa kulia, yakiwa na mfereji wa matofali wenye urefu wa makumi ya mita wa kuondoa maji machafu, na visima vitatu vikubwa vilivyopangwa mstari mmoja. Hekalu la katikati lilikuwa na njia za kutolea maji ya mvua kutoka kwenye matuta yake. Mahali penye watawa mamia, katika nchi tambarare inayofurika, hakuna aliyekaa akijadili falsafa kabla mtu hajahakikisha kwamba uwanja umekauka. Jengo hilo lilifukuliwa, lakini mfumo wake wa maji haukuweza kufufuliwa pamoja nalo. Usawa wa ardhi inayolizunguka umepanda kwa karne nyingi za mashapo, na msingi wa hekalu sasa uko chini kuliko mashamba yaliyo nje, kiasi kwamba maji yanayoingia hayana mteremko wa kutokea yenyewe.

Haya hayakufichwa. Mwaka 1983 UNESCO iliandaa mpango mkuu wa kuhifadhi Paharpur pamoja na Bagerhat, mji wa misikiti wa karne ya 15 ulioko kusini mwa Bangladesh, na maeneo yote mawili yakaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1985. Maji na chumvi ndiyo yaliyokuwa tatizo kubwa la kote kuwili. Baadaye ilionekana kwamba vigae vya Paharpur vinaliwa na chumvi na vingine vinaibwa, hivyo vingi vikaondolewa ukutani na kuhifadhiwa ndani, na katika baadhi ya sehemu nafasi zake zikajazwa vigae vilivyofinyangwa upya. Najua kuna wanaolalamika kwamba mgeni anayezunguka hekalu leo anatazama nakala. Malalamiko yao nayaelewa, lakini siyaungi mkono. Kigae kilichoachwa ukutani kikageuka unga hakimnufaishi mgeni wala mtafiti, ilhali kilichotolewa kwa uangalifu, kikapigwa picha na kuandikiwa nafasi yake katika safu, bado kinaweza kusomwa. Ninalolisikitikia ni kwamba uamuzi huo ulifanywa wakati vigae vingi vilikwisha kuharibika tayari, zaidi ya nusu karne baada ya kufunuliwa, na katika kipindi hicho chote jengo lilikuwa likitajwa kwa fahari kama ugunduzi.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye mahitaji mengi haiwezi kutumia fedha kwa mifereji ya nyumba ya watawa waliokufa, wa dini ambayo leo wafuasi wake nchini humo ni wachache sana. Nalichukua pingamizi hili kwa uzito. Jibu langu ni kwamba kuna hatua isiyohitaji fedha nyingi, nayo ni kutochimba. Sehemu ambayo bado imefukiwa imekwisha kuhifadhiwa na udongo wenyewe kwa miaka 700, na itaendelea kuhifadhiwa bila mshahara wa mtu, mradi isilimwe kwa kina, isijengewe na isifanywe chimbo la matofali. Ndiyo maana lile pendekezo la kupanua mipaka ya eneo linalolindwa ili lihusishe vilima vya jirani, kikiwemo cha Satyapir Bhita, naliona ni la maana kuliko msimu mwingine wa kuchimba. Na pale ambapo ukuta umefunuliwa tayari na hakuna uwezo wa kuutunza, wataalamu wana njia ya kuufukia tena kwa mchanga safi juu ya kitambaa maalumu, baada ya kuupima na kuupiga picha. Watalii hawatauona. Hata hivyo utakuwapo, na mtu mwenye vyombo bora zaidi anaweza kuurudia baada ya miaka 100. Kuchimba ni kusoma kitabu ambacho kila ukurasa huchanika unapofunuliwa. Mwanaakiolojia mwaminifu analijua hilo na huacha kurasa kwa ajili ya wengine.

Kuhusu dini, sioni kwamba uchache wa Wabuddha unapunguza wajibu. Ardhi ya Paharpur imepita kwa Wajaini, Wabuddha, Wahindu na Waislamu, na kila kundi limeacha kitu juu ya kilichoachwa na lililotangulia. Wizara na idara zinazolinda mahali hapo leo zinaendeshwa kwa sehemu kubwa na Waislamu, ambao wamekuwa wakiokoa sura za Tara na Krishna zisiliwe na chumvi. Hiyo nayo ni habari inayostahili kuchapishwa, na sijapata kuisoma katika gazeti letu lolote.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo na linatekelezeka. Mwandishi wako anapoandaa makala kuhusu magofu yoyote yaliyofukuliwa, iwe ni Paharpur, Nalanda au Vikramashila, amtafute pia mhandisi wa maji na fundi anayechanganya chokaa, asiishie kwa mkurugenzi anayeonyesha sanamu mpya. Aulize maji ya mvua yanaelekea wapi. Aulize ukuta huu ulikarabatiwa lini mara ya mwisho, kwa vifaa gani, na nani analipa. Aulize vitu vilivyotolewa vimehifadhiwa wapi, na kama nafasi vilipokutwa imeandikwa. Na picha itakayochapishwa, badala ya ile ya hekalu zima iliyopigwa kutoka mbali wakati wa machweo ambayo sote tumeizoea, iwe ya ukuta mmoja kwa karibu, mwishoni mwa miezi ya ukavu, wakati ule mstari mweupe wa chumvi unapoonekana wazi juu ya matofali, ili wasomaji wajue kimo ambacho maji yamefikia.

Wako katika kupenda historia,

Msomaji wako